Mgomba Kwenye Kaburi la Mama

Jirani yangu ni mtu mwema. Naanza na hilo ili nilimalize mapema, maana kila nikimsema watu hunikatiza: "Lakini si unajua yule mama ni mtu wa watu?" Najua. Ukiuguliwa atakuja na uji kwenye chupa ya chai. Ukifiwa atafika kabla hujajua uanzie wapi kulia, kanga ameshaikaza kiunoni, anauliza kuni ziko wapi. Hapa Msamala, Songea, hakuna msiba ambao hakuupikia. Watu wabaya nimekutana nao, sikatai, lakini hakuna hata mmoja aliyenifanyia robo ya yale aliyonifanyia mwema huyu akiwa amekaa kwenye kigoda chake, miwani puani, simu mkononi.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kushonea kinatazama barabara, na karibu kina mama wote wa jumuiya yetu nimewashonea sare za kanisani. Najua viuno vyao. Najua nani hunisihi nisitaje kipimo chake kwa sauti. Kwa hiyo nikisema nawajua watu hawa, sisemi kwa kuwachungulia dirishani. Nimewapima kwa futi, mmoja mmoja, na bado sikujua walichonacho ndani.

Mwaka ule, msimu wa korosho, mama alikwenda Nakapanya, wilaya ya Tunduru, kumsalimia mdogo wake. Mama mdogo ameolewa huko na mkulima wa korosho, Mwislamu, mtu mpole anayeongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Mama aliacha meza yake ya dagaa wa Nyasa pale sokoni mikononi mwa mwenzake wa meza ya pili, akapanda basi akiwa mzima. Huko tumbo likamkamata. Baba mdogo akakodi gari, akampeleka hospitali ya misheni Mbesa, akanipigia. Nilifunga chumba, ufunguo wa nyumba nikamwachia jirani, kama tunavyoachiana siku zote, nikaondoka na basi la kwanza nililolipata.

Nilipofika daktari alikuwa ananisubiri. Utumbo umejisokota, akasema, tunampasua sasa hivi. Nikiwa nimesimama pale koridoni, niliandika kwenye kundi la simu la jumuiya: "Mama hali yake si nzuri. Anaingia chumba cha upasuaji. Naomba tumwombee." Muda si mrefu simu ikazima. Chaja ilikuwa Msamala, juu ya cherehani.

Hapa inabidi nieleze desturi yetu. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo moja kwa moja kwenye simu. Anayepigiwa yuko mbali, huenda yuko barabarani, huenda ana presha, huenda hana wa kumshika. Kwa hiyo anaambiwa, "Mgonjwa hali si nzuri, jitahidi ufike." Anajitahidi, anafika, anaona turubai, ndipo anaelewa. Sote tumelelewa hivyo, na ni desturi nzuri kwa watu wenye akili. Ubaya wake ni kwamba kuna watu ambao wameshazika sana, na masikio yao hayasikii tena ugonjwa. Ukiwaambia mtu hali si nzuri wao wanasikia sanda.

Jirani alisoma ujumbe wangu. Akanipigia, sikupatikana. Akapiga tena, sikupatikana. Akajumlisha. Hakumpigia baba mdogo, ambaye namba yake anayo. Hakusubiri hata jua lisogee. Aliandika kwamba kwa masikitiko makubwa anawatangazia wanajumuiya kifo cha mama yetu mpendwa, kilichotokea hospitalini huko Tunduru, na chini kabisa akaweka maneno ambayo mpaka leo nikiyaona popote natamani kuvunja kitu: "Naituma kama nilivyoipokea."

Kama alivyoipokea kutoka kwa nani? Alijitumia mwenyewe, akaipokea mwenyewe, akaisaini kwa jina la familia.

Kutoka pale habari ikaota miguu. Mmoja wa kina mama aliirusha kwenye kundi la wafanyabiashara wa sokoni. Mwingine aliipeleka kwa ndugu zetu wa Mbinga. Mtu mwingine, hajulikani nani, akaongeza kwamba mwili uko njiani na mazishi ni kesho saa nane. Mwingine akatafuta picha ya mama ya Pasaka, gauni nililomshonea mimi, akaizungushia maua na mshumaa. Kila aliyeipokea aliongeza kidogo, kama watu wanaoonja mboga kwenye sufuria ya mwenzao na kutia chumvi bila kuulizwa. Nimekuja kuhesabu sura zao baadaye, na katika wote hao hakuna mwongo hata mmoja. Ukimshika huyu anakuonyesha yule, na yule anakuonyesha simu.

Walifungua nyumba yetu kwa ufunguo niliouacha. Wakatoa makochi nje, wakatandika mikeka, wakafunga turubai kwenye mwembe wa jirani. Wakalia. Naambiwa jirani alilia mpaka akashikwa na watu wawili, na ninaamini, maana alimpenda mama. Wanaume walikwenda makaburini na kuchimba kaburi kando ya kaburi la baba, ili mwili ukifika usisubiri.

Wakati huo mama alikuwa Mbesa, ameamka. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda nimemshika mguu. Akafungua macho, akanitazama, akauliza kwa sauti ya kukwaruza kama dagaa wake wamefunikwa, kwa sababu aliota mvua. Nikacheka na kulia kwa pamoja. Mama mdogo akasema, "Huyu hafi leo," na baba mdogo, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Alhamdulillahi," mara nyingi, polepole.

Kesho yake niliazima chaja kwa mtu aliyekuwa anauguza wodi ya pili. Simu ilipowaka ilianza kulia na haikunyamaza. Pole. Pole sana. Pole mwanangu, kazi ya Mungu haina makosa. Nikampigia jirani.

"Mama yangu anakunywa uji," nikamwambia. "Nani kasema amekufa?"

"Uji?"

"Uji! Anautema kwa sababu hauna sukari. Nani kasema amekufa?"

"Jamani, mwanangu, Mungu mkubwa," akasema, akaanza kulia upya. "Mimi nimepokea tu."

Nilimwambia aandike sasa hivi kwamba ni uongo. Akaandika, simnyimi haki yake. Aliandika mstari mmoja: mgonjwa anaendelea vizuri, tuzidi kumwombea. Mstari ule haukutoka kwenye kundi. Hakuna aliyeupeleka sokoni wala Mbinga, hakuna aliyeuzungushia maua. Watu waliofunga safari kuja kuzika hawana haraka ya kutangaza kwamba hawakuzika.

Na kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Hapo ndipo wazee walipoingilia. Kaburi lililochimbwa halirudishiwi udongo likiwa tupu, walisema, likiachwa hivyo litaita mtu mwingine wa nyumba ileile. Dawa yake inajulikana: kunazikwa mgomba. Wakaenda nyuma ya jiko letu wakakata mgomba alioupanda mama mwenyewe, wakauzungushia shuka, wakauteremsha, wakafukia. Hawakunipigia kuniuliza. Wimbo mmoja uliimbwa, eti ili lisiwe jambo la kienyeji mno. Na kwa kuwa siku hizi hata kujikuna hakufanyiki bila picha, mtu alipiga picha.

Kila mtoto wa nchi hii amesimuliwa habari za msukule. Wachawi wakimtaka mtu, ndugu zake huona wamezika maiti, kumbe wamezika mgomba. Mwenyewe kachukuliwa yu hai, ulimi umekatwa, analima shamba la mtu usiku, analishwa pumba zisizo na chumvi. Hadithi hiyo ilikuwa imetulia vichwani mwa watu, inangoja tu picha. Sasa picha ikapatikana: mgomba ndani ya shuka, ndani ya kaburi, na watu wa kanisani wamesimama kando.

Mama alipopata nguvu tulirudi Songea. Tuliposhuka stendi nilikuwa nimemshika kwapani, amekonda, ulimi mzito kwa uchovu, hasemi sana. Mwanamke mmoja anayeuza vitenge aliitazama sura ya mama, akaangusha alichoshika, akatoa simu. Hatujafika Msamala, mama alikuwa ameshafika kwenye makundi. "Aliyezikwa wiki iliyopita ashuka kwenye basi la Tunduru." Waliiweka ile picha ya mgomba upande mmoja na mama na mtandio wake upande wa pili. Chini yake: naituma kama nilivyoipokea.

Ningedhani watu wa jumuiya, waliojua kabisa kwa nini mgomba ule umezikwa, waliouzika kwa mikono yao, wangekuwa wa kwanza kusimama na kusema hapana. Nilikuwa mjinga. Kusema hapana kungewalazimu waseme pia nani alitangaza kifo cha mtu aliye hai, nani alilia, nani alichimba. Msukule ulikuwa nafuu kwao. Kama mama ni msukule, basi hakuna aliyekosea. Alikufa kweli, walilia kwa haki, na kaburi lilichimbwa kwa wakati wake. Walichagua mama yangu awe maiti inayotembea kuliko wao kuwa watu wa umbeya, na walichagua bila hata kukaa kikao.

Aliyepewa lawama ya kumfuga ni baba mdogo. Mtu aliyekodi gari na kulala sakafuni hospitalini akawa mchawi wa Nakapanya, kwa sababu ni Myao, ni Mwislamu, na anatoka upande ambao watu wa mjini huusemea chochote. Nilimpigia kumwambia kabla hajasikia kwa mwingine. "Astaghfirullah," akasema. "Mwambie shemeji asije akaacha dawa." Basi. Hakuuliza nani kasema, na mimi nilitamani aulize nimpe majina.

Mama alirudi sokoni mapema kuliko alivyoruhusiwa, kwa ukaidi. Wateja walipita meza yake kama wanaopita dimbwi. Mwenzake wa meza ya pili, waliyekula pamoja miaka yote, alihamia upande wa nyanya akisema jua linamchoma. Kanisani benchi lilibaki na nafasi kulia na kushoto kwake. Vijana walimwamkia "shikamoo" kutoka mbali, mkono haunyooshwi. Kisha kukatokea jambo la maharage. Tulikwenda kumjulia hali mzazi mmoja, tukakaribishwa chakula, mama akaonja na kuweka kijiko chini kwa upole, kwa sababu daktari amemwambia apunguze chumvi kwa ajili ya presha. Jioni kundi lilikuwa limejaa. Hali chumvi! Mnaona? Hali chumvi!

Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwa jirani. Nilikwenda na mama. Nilingoja waseme amina ya mwisho, nikasimama.

"Nataka mtu mmoja tu," nikasema, "aseme hapa: mimi nilikosea. Mmoja tu, halafu nitakaa."

Jirani akavua miwani. "Mwanangu, mimi nilipokea ujumbe wako."

"Ujumbe wangu ulisema anaingia kupasuliwa."

"Na hali si nzuri. Si ndivyo mnavyosemaga?"

"Tunavyosema nani? Ungenipigia."

"Nilipiga!"

"Ungempigia baba mdogo."

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye maisha yake yote alikuwa anawachapa watoto kwa kunakili majibu, akakohoa. "Binti, usichukulie kwa hasira. Watu hawakutunga. Wamefowadi tu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Naichukia methali hiyo. Nimeichukia tangu siku ile na nitakufa nayo moyoni. Ni methali ya mtu anayetaka kusema lolote asiulizwe. Nilimwambia hivyo, kwa maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu yeye ni mtu mzima, na mama akanivuta gauni nikae.

Ndipo mama mmoja, mtu mwema mwingine, Mungu atuepushe na wema, akasema kwa sauti ya huruma, "Mbona jambo dogo. Mama alambe chumvi kidogo mbele yetu, turekodi, turushe kwenye makundi yote. Watafunga midomo, mambo yaishe."

Wakaitikia kwa furaha. Walifurahi kweli, kama watu waliopata njia ya kusaidia. Jirani alishaingia ndani kuleta chumvi kwenye kisosi. Nikasema haiwezekani, mama ana presha, na nyie mnajua kabisa ni mtu, mmemshika mkono, mmesali naye sasa hivi. Mama akaniambia ninyamaze.

Alisimama. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, taratibu. "Wewe nilimshika mwanao kwenye ubatizo," akamwambia mmoja. "Wewe ulijifungulia mikononi mwangu, pale kwangu, mvua inanyesha." Akageukia jirani. "Na wewe nimekujua kabla hujaota jino la ukubwani. Haya, lete."

Walidhani atagusa kwa kidole. Akamimina kisosi chote kiganjani, akatia kinywani, akatafuna. Simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande. Macho yakamjaa maji, shingo ikasimama mishipa, akameza. Wakapiga vigelegele. Jirani akamkumbatia akilia, akasema, "Umeshinda, dada, umeshinda." Nilimpeleka nyumbani akatapika kwenye beseni mpaka akaishiwa nguvu, na kidonda cha tumbo kikamuuma siku nzima.

Video ilikuwa ndefu. Iliyosambaa ilikuwa fupi. Mtu alikata salamu, akakata ubatizo na uzazi, akabakiza kiganja, chumvi na macho yaliyojaa maji. Wakaandika: tazama msukule alivyofakamia chumvi baada ya kunyimwa muda mrefu. Ilikwenda Mbinga, ikaenda Namtumbo, ikaenda sijui wapi, ikarudi Msamala. Na jirani yangu, aliyeshika kisosi kwa mkono wake, ambaye kidole chake kinaonekana pembeni mwa video hiyo, alipoipokea kutoka kwa ndugu yake aliirusha kwenye makundi yake matatu akiandika, "Jamani, hivi hii ni kweli?"

Nilimfuata mpaka mlangoni. "Nilikuwa nauliza tu," akasema. Alishangaa. Alishangaa kwa moyo mweupe kabisa kwamba ninamchukia. Mpaka leo akinipita ananipungia mkono, na mimi sijibu, na watu wanasema yule fundi ana roho mbaya. Ninayo. Sare zake apeleke kwa mwingine.

Sokoni mama aliacha kwenda baada ya hapo. Hakutangaza, siku moja hakuamka kujitayarisha, na siku iliyofuata vilevile. Nilimletea dagaa nyumbani ili mikono isikae bure. Alikuwa anakaa kwenye mkeka karibu na cherehani yangu, anachambua, anatoa mchanga na vichwa, anaweka wazima huku na waliovunjika kule. Sikuwa na mnunuzi wa dagaa wale. Tulikula wenyewe, na wengine nikampa mtu wa kuku.

Asubuhi moja nilikuwa natia uzi, yeye anachambua. Aliacha mikono juu ya ungo, akaitazama, akaigeuza upande wa viganja.

"Mwanangu," akasema. "Siku ile Mbesa, walivyonichoma ile sindano ya usingizi."

"Ndiyo, mama."

"Uliniona nikiamka?"

Nikadhani anatania. Nikamwangalia, hakuwa anatania. "Nilikuona, mama. Uliuliza habari za dagaa."

"Uliniona kwa macho yako? Hukuambiwa na mtu?"

"Sikuambiwa. Nilikuwa nimekushika mguu."

Akatikisa kichwa kukubali, akaanza tena kuchambua. Nikarudi kwenye uzi, tundu la sindano silioni. Baada ya kitambo nikamsikia akisema, polepole, kama anayefikiri peke yake:

"Lakini wao ni wengi."